Shamba la Secilia B

Kosa la kwanza lilikuwa dogo mno, la kumfanya mtu asonye tu kisha aendelee na chai yake. Ilikuwa Jumatano asubuhi, katikati ya Julai, ukungu umeshuka Lushoto mpaka kwenye milango ya maduka, na Esteria alikuwa bado amejitanda kitenge juu ya sweta alipowasha kompyuta ya ofisi. Kompyuta ikazunguka weee, ikamwambia imemaliza kujifanyia apdeti. Akabofya folda ya Kwemtindi kama alivyoibofya kila siku kwa miezi mitano, na dirisha likafunguka vibaya.

Dirisha hilo alikuwa amelizoeza mwenyewe. Alitaka lifunguke kubwa, limeegemea kushoto mwa skrini, na ndani yake majina ya wenye mashamba yakae kwenye orodha nyembamba kwa kufuata herufi, Alen juu kabisa na Yusufu chini. Asubuhi ile lilifunguka dogo, limejibana juu kulia, na majina yamegeuka kuwa ikoni kubwa za manjano zilizotawanyika huku na huko. Esteria akalivuta akalirudisha kushoto, akapanga majina, akafunga. Alipofungua tena, dirisha lilikuwa limesahau kila kitu.

Sasa Esteria alikuwa mwanamke wa mpangilio. Jikoni kwake kila sufuria ilikuwa na msumari wake ukutani, na Bwana Silvano, mratibu wa mradi, alizoea kumtania kwamba hata nzi wakiingia ofisini humo lazima wapange foleni. Dirisha lisilojua pa kukaa lilimkera kuliko ambavyo lingemkera mtu mwingine. Siku nzima akafungua na kufunga, akazima na kuwasha, na jioni akaondoka amenuna.

Kazi yao ilikuwa kuchora ramani za mashamba ya vitongoji vya huko juu, upande wa Magamba, ili kila familia ipate hati yake. Kila shamba lilikuwa na folda yake kwenye kompyuta: mchoro wa mkono, picha ya mwenye shamba amesimama mpakani, na ushahidi wa majirani. Kitongoji cha Kwemtindi Esteria alikishughulikia kwa moyo wote, kwa sababu ndiko kwao. Aliishi huko na mama yake, Secilia, kwenye nyumba aliyoiacha baba, mwendo wa saa nzima kupandisha kwa miguu.

Mashamba ya Kwemtindi yalikuwa arobaini na moja. Arobaini hayakuwa na shida. La arobaini na moja halikuwa shamba. Kilikuwa kipande cha msitu, mzitu kama wanavyouita wenyewe, miti mizee imesongamana juu ya kitongoji, na chini yake hapakauki mwaka mzima. Hakuna anayeokota kuni pale. Hakuna anayesema pana mwenyewe, na hakuna anayesema hapana. Majirani wote katika ushahidi wao waliandika hivyo hivyo, Mlutheri, Mkatoliki na Mwislamu: kwa juu napakana na kule. Ukiwauliza watakwambia hawaamini mambo hayo, na watakwambia wakiwa wameshusha sauti.

Lakini kompyuta haijui kule. Esteria alipotaka kutengeneza folda ya kipande kile, mwezi wa tano, kompyuta ilidai jina. Akafuta akaacha tupu, ikakataa. Akampigia simu mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti akajifanya mtandao unakatika. Bwana Silvano alitaka kazi ifike kwake Ijumaa ile, na hakutaka kuona folda isiyo na jina la mtu. Shamba lililopakana na mzitu kwa urefu zaidi lilikuwa la mama yake. Basi Esteria, saa kumi na moja jioni, amechoka, akili iko kwenye mazoezi ya kwaya, akaandika SECILIA. Kompyuta ikakataa tena, SECILIA alikuwepo tayari. Akaongeza herufi moja: SECILIA B. Alijiambia atabadilisha Jumatatu, na Jumatatu ile ikapita, na nyingine zikapita.

Jumatano hiyo ya apdeti alipofika nyumbani alimkuta mama yake amesimama jikoni, mikono kiunoni, anacheka. Alikuwa ametafuta chumvi saa nzima asiione. Chumvi ilikuwa kwenye kopo lake la bluu, juu ya rafu ileile linapokaa tangu Esteria akiwa anatambaa. Wakacheka wote wawili, Esteria akampa kopo, wakala maharage na bada yao ya unga wa muhogo, wakaenda kulala.

Alhamisi akamwita Rashidi. Rashidi alikuwa fundi wa simu na kompyuta, ana meza yake karibu na soko, kijana mpole wa kofia, asiyepandisha sauti hata mteja akimletea simu aliyoitumbukiza mwenyewe kwenye ndoo. Kabla hajagusa kitu alinakili folda zote kwenye fleshi, kwa sababu hakuwa fundi wa kubahatisha mali ya watu, akamkabidhi Esteria. Esteria akaifunga kwenye utepe wa funguo za ofisi aliouvaa shingoni siku zote, akaitumbukiza ndani ya sweta.

Kisha Rashidi akamweleza. Kompyuta huweka kumbukumbu ndogo ya kila dirisha, lilikuwa kubwa kiasi gani, lilikaa wapi, vilivyomo vilipangwaje. Apdeti zikija wakati mwingine huivuruga kumbukumbu hiyo. Dawa yake ni kuifuta yote, dirisha lifundishwe upya. Akaifuta. Akaliweka dirisha kushoto, akapanga orodha, akaamuru folda zote zifuate mfano huo. Akafunga na kufungua mara tano, na mara zote tano dirisha likatii.

Mara ya sita kikaingia kiharufu. Esteria alikisikia kwanza, harufu ya udongo wa chini uliofukuliwa sasa hivi, na juu yake harufu ya beberu. Akageuka kutazama mlango. Aliporudisha macho, dirisha lilikuwa limejibana juu kulia, na ikoni zimetawanyika.

Rashidi akaivuta kibodi kwake. Akajaribu kuirudisha kompyuta nyuma, kabla ya apdeti. Ikarudi, ikawaka, dirisha likawa vilevile. Akasogeza kiti.

"Dada Esta," alisema polepole, "ndani ya folda ikoni hazikai hivi. Hujipanga mistari. Kwenye kompyuta hizi huwezi kuzisogeza moja moja hata ukitaka."

"Sasa nani kazisogeza?"

Rashidi akaanza kukusanya vifaa vyake. Alisema angeuliza mafundi wenzake Tanga, akachukua mkoba wake akaondoka bila kudai chochote.

Jioni hiyo, alipofika uani, Esteria alimkuta Mama Secilia amesimama katikati na sufuria ya maji ya moto, mvuke unampanda usoni, anatazama milango mitatu ya nyumba yake mmoja mmoja. Hakucheka safari hii. Alimuuliza binti yake, kwa aibu, jiko liko wapi. Esteria alimpokea sufuria, akaona vidole vya mama vimebabuka kwa kuishika muda mrefu, na hofu ikamwingia moyoni. Alijiambia ni uzee. Mama yake alikuwa na miaka sitini na minane, na wiki iliyopita tu alikuwa amepanda karoti matuta sita bila msaada.

Ijumaa ukungu haukuinuka kabisa. Saa nne asubuhi taa za ofisi zilikuwa bado zinawaka. Bwana Silvano alikuwa safarini Korogwe, Esteria yuko peke yake, na alikuwa amejizuia kufungua folda ile tangu afike. Hatimaye akaifungua. Ikoni zilikuwa palepale zilipokuwa jana, zote isipokuwa moja. Ile ya SECILIA ilikuwa imepanda juu kidogo, kiasi cha upana wa kidole.

Ndipo alipoona. Ukutani nyuma yake palikuwa na mchoro wa Kwemtindi, waliouchora na wananchi wenyewe kwenye karatasi kubwa siku ya mkutano. Akaubandua, akaushika karibu na skrini, akalinganisha. Ikoni ya Alen ilikaa chini kwenye kijito, mahali ilipo nyumba ya Alen. Ya Yusufu ilikaa kwenye kona ya barabara, na tatu za wanawe zimeizunguka, kama zilivyo nyumba zao. Nafasi tupu katikati ilikuwa kiwanja cha mpira. Thelathini na tisa zilikuwa zimekaa kama nyumba zilivyokaa mlimani, na juu kabisa, kwenye pembe, peke yake, mbali na wenzake, ilikuwepo SECILIA B, mahali penye mzitu. SECILIA mwenyewe alikuwa ameshatoka nyumbani kwake. Alikuwa amefika kama kwenye matuta ya karoti, anapandisha.

Esteria akaushika mshale wa kompyuta akajaribu kumvuta mama yake arudi chini. Ikoni ikagoma. Akajaribu kuifuta folda ya SECILIA B. Ikafutika, ikaenda kwenye takataka, na alipofungua tena ilikuwa kwenye pembe yake. Akaifuta mara ya pili, ya tatu, ya nne, na kila akifuta alisikia nyuma ya ukuta wa ofisi, upande ambao hakuna kitu ila ngema, mteremko mkali wa mlima, jembe likikita ardhini mara moja, likinyamaza, likimsubiri. Akazima umeme kwenye swichi kubwa, akafunga ofisi saa sita mchana, akapanda bodaboda mpaka nyumbani.

Mama alikuwa mlangoni. Alimtazama Esteria akija, akatabasamu, kisha macho yakampita binti yake yakatua nyuma ya bega lake, kwenye masale yaliyopandwa kuonyesha mwisho wa ua. Akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo," alisema.

Esteria akageuka. Palikuwa na masale na ukungu. Pale Kwemtindi hakukuwa na mtu aliyebaki wa kuamkiwa na Secilia kwa heshima ile, isipokuwa mchungaji mstaafu, na yeye alikuwa hoi kitandani.

"Mama, unamwamkia nani?"

"Ameitikia," mama akasema, ametulia, akaingia ndani.

Jumamosi Esteria hakumwacha peke yake. Jumapili hakwenda kanisani, wala kwayani. Mama hakuwa mgonjwa. Alikula, aliongea mambo ya zamani, ya utoto wake Rangwi na masista waliomfundisha kushona. Lakini hakujua tena kitanda chake ni kipi, na kila alipoachwa kitambo kidogo aligeuza kiti kikatazama juu mlimani. Jumapili alasiri Esteria alienda chooni, dakika tatu hazikupita, aliporudi kiti kilikuwa kitupu. Akakimbia huku akimwita, akapita nyumba, akapita matuta ya karoti, akamkuta amesimama kwenye mpaka wa shamba, peku, kanga imelowa mpaka magotini, mkono mmoja ameunyoosha mbele kama mtoto anayeshikwa mkono kuvushwa barabara. Mkono ule ulikuwa na joto. Ule mwingine ulikuwa wa baridi kama kawaida ya Julai. Esteria alimbeba mgongoni kumrudisha, analia waziwazi, na majirani waliomwona wakaingiza watoto ndani.

Jumatatu alimfungia mama kwa jirani, akaenda sokoni moja kwa moja kwenye meza ya Rashidi. Alimweleza yote, pamoja na jina aliloandika mwezi wa tano. Rashidi akamsindikiza ofisini, wakawasha kompyuta. SECILIA alikuwa amefika juu. Kati yake na SECILIA B hapakubaki hata nafasi ya kupitisha ukucha. Na katikati ya skrini palikuwa na kisanduku cha swali, kile ambacho kompyuta huuliza folda mbili zikigongana jina mahali pamoja: ziunganishwe ziwe moja, ndiyo au hapana. Hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Mshale ulikuwa unakwenda wenyewe, polepole sana, kuelekea kwenye ndiyo.

Rashidi akachomoa waya.

"Hili si la kwangu," alinong'ona. "Twende kwa mama mkubwa."

Mama yake mkubwa alikuwa Bi Tatu, mwanamke mnene wa makamo aliyeuza plamu na njegere sokoni. Hakuwa na kibao wala tangazo, lakini wenye shida walijua wapi pa kumkuta. Aliwasikiliza huku anamenya njegere, haachi. Hakuuliza habari za kompyuta. Aliuliza nani aliyeandika, na Esteria alipokiri kuwa ni yeye, akaacha kumenya.

"Kule palikuwa na mwenyewe," alisema. "Hakuwa na jina, na hakuwa na haja na mtu. Ninyi mmempelekea mtu, tena kwa maandishi. Atamwachaje?"

Akatoa masharti yake. Jina litolewe na mkono ulioliandika. Mahali pale pabaki bila jina, si la Secilia wala la mwingine yeyote, maana likiwekwa jingine atamfuata huyo. Na liondolewe kila lilipo, kwa sababu likibaki hata sehemu moja yeye atakuwa bado ana haki yake.

"Limeandikwa wapi pengine?" akauliza.

Esteria akafikiri. Kulikuwa na karatasi moja aliyoichapa, iko kabatini.

"Na pengine?"

"Hakuna, Bi Tatu."

Alijibu kwa moyo mweupe, na hapo ndipo mtu anapoumia, kwa sababu alikuwa na hofu ya mama yake kichwani na hakikukaa humo kitu kingine. Alichosumbuka nacho ni kwamba kompyuta haikubali folda isiyo na jina. Rashidi akasema ipo njia. Unabana kitufe cha Alt, unaandika tarakimu fulani nne, kompyuta inadhani umeandika herufi, ila herufi hiyo haionekani kwa macho. Mafundi huifanya kwa mchezo. Bi Tatu akasema hiyo hiyo.

Jumanne saa sita mchana walikuwa ofisini wanne. Mama Secilia waliketi naye karibu na dirisha, amefunikwa shali mbili, na Bi Tatu alikuwa amemshika mkono ule wa joto. Nje ukungu ulikuwa mzito, soko halionekani, wala sauti zake hazifiki. Bi Tatu akatia ubani na mvuje kwenye chetezo, akasoma aya kwa sauti ya chini, kisha akaongea Kishambaa cha zamani ambacho Esteria alishika neno hapa na pale: mwenyewe, njia, rudi, hatukukujua. Kisha akampa ishara.

Esteria akawasha kompyuta. Kisanduku cha swali kilikuwepo, na mshale ulikuwa umeshaingia nusu kwenye ndiyo. Akabofya hapana, haikutii, akabofya tena na tena hadi kikafungika, akaichagua SECILIA B, akabonyeza abadilishe jina, na hapo ile harufu ya udongo na beberu ikajaa chumba chote mpaka mvuje haukusikika, na jembe likaanza nyuma ya ukuta, halinyamazi safari hii, linakita na kukita kwa haraka ya mtu anayechimba akijua amechelewa, na mama yake akainuka kwenye kiti kwa nguvu ambazo mwanamke yule hakuwa nazo hata ujanani, Rashidi na Bi Tatu wakamning'inia kila mmoja upande wake, naye anasema kwa upole, kwa sauti yake mwenyewe kabisa, Esta mwanangu niache niende nimeitwa, niache tu si mbali, na Esteria machozi yanamziba macho, haoni vitufe, akafuta herufi moja moja za jina alilopewa mama yake siku ya ubatizo, akabana kitufe alichoelekezwa, akaandika tarakimu nne kwa kidole kilichokufa ganzi, akaachia.

Jembe likanyamaza. Pale juu kwenye pembe ikabaki ikoni ya manjano isiyo na neno chini yake. Kisha dirisha likajifunga lenyewe, likafunguka upya, kubwa, limeegemea kushoto, majina kwenye orodha nyembamba, Alen chini ya nafasi moja tupu na Yusufu mwisho.

Mama Secilia alikuwa ameketi. Aliutazama mkono wake ulioshikwa na mwanamke asiyemjua, akautoa kwa adabu, akamtazama binti yake.

"Esta," alisema, "mbona umekonda hivyo? Umekula?"

Esteria akapiga magoti akalaza kichwa mapajani mwa mama yake akalia mpaka shali ikalowa. Furaha aliyokuwa nayo hakuwahi kuwa nayo hata siku ya kipaimara chake. Wakaichoma ile karatasi ya kabatini kwenye chetezo. Bi Tatu akasema yeye mwenyewe atampeleka mama nyumbani kwa bodaboda na kukaa naye hadi magharibi, na akaacha neno la mwisho: kwa siku saba jina lile lisivuke kizingiti cha nyumba yao, kwa mdomo wala kwa maandishi. Esteria akaitikia. Kisha akabaki ofisini peke yake, akachapa ramani za Bwana Silvano zote, dirisha linafunguka na kufungika pale pale anapolitaka, na akajikuta analiimbia.

Saa kumi na moja na nusu alifunga ofisi, akavaa utepe wa funguo shingoni, akautumbukiza ndani ya sweta. Alipandisha kwa miguu, hakutaka bodaboda; alitaka kutembea kama mtu ambaye hana haraka ya msiba. Aliimba sauti ya pili ya wimbo wa Jumapili. Kwenye kona ya Yusufu alipishana na Mzee Danieli, amebeba gunia la kabichi, mtu aliyemzidi kwa miaka ishirini na zaidi. Kabla Esteria hajafungua kinywa, Mzee Danieli akashuka njia mpaka kwenye majani, gunia lake begani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema, hatazami juu.

Esteria akacheka, akadhani mzee anamtania. Alipogeuka kumjibu utani, mzee alikuwa tayari mbali, anakwenda haraka kuliko gunia lile linavyoruhusu. Esteria akaendelea kupanda. Alihisi joto kidogo kifuani, akaona ni mlima.

Taa ilikuwa inawaka jikoni. Bi Tatu alikuwa ameshaondoka, na harufu ya maharage yanayoungwa kwa vitunguu ilimfikia Esteria tangu kwenye masale. Mama alisikia hatua zake.

"Esta, ndiye wewe?" aliita kutoka ndani, sauti yake nzima, ya siku zote. "Chumvi nimeiona, iko kwenye kopo lake. Hata sijui nilikuwa na nini."

Akatokea mlangoni na mwiko mkononi, anacheka. Esteria akavuka kizingiti. Kicheko cha mama kikafa. Macho yake hayakumtazama binti yake usoni. Yalimtazama kifuani, palepale sweta ilipotuna kidogo juu ya funguo na ile fleshi yenye nakala ya folda zote, aliyoifunga Alhamisi na kuisahau, na Esteria akakumbuka, akataka kuinua mkono aukate utepe ule autupe gizani, na mkono haukuinuka.

Secilia, akili yake timamu, akaweka mwiko chini. Akainama kwa adabu.

"Shikamoo."

"Marahaba," kinywa cha Esteria kikaitikia, kwa sauti nzito, ya taratibu, ambayo Esteria hakuijua. "Vaa viatu, twende."

Ndani kabisa, mahali ambapo hakuna aliyeweza kumsikia, Esteria alikuwa anapiga kelele. Mama yake akaketi kwenye kizingiti, akanyoosha mkono bila kupapasa akavipata viatu vyake vya mvua, pale vinapokaa siku zote, akavaa kimoja, akavaa na cha pili.